Rufani Juu ya Mgawanyo wa Mali Baada ya Ndoa Kuvunjika

Mazungumzo kwa wenyeji wa Kapsoit na wakulima wote wa chai wa Kericho na Bomet



Kapsoit ni soko lililo kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Kisumu, na watu wake wengi huishi kwa chai. Kila siku ya kuchuma, wake kwa waume huonekana mashambani na vikapu mgongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi lake. Kisha majani hupelekwa kituoni, hupimwa, na uzito wake huandikwa chini ya namba ya mkulima. Namba hiyo huwa na jina la mtu mmoja, na mara nyingi jina hilo ni la mume. Lakini mikono iliyopalilia, iliyochuma na iliyobeba kikapu ni ya watu wawili, na pengine ya watoto pia.

Maadamu nyumba ina amani, hapana aulizaye jina limeandikwa la nani. Fedha za mwezi huja, na bonasi ya mwaka huja, na watu hununua unga, hulipa karo na kuezeka mabati. Ndoa ikivunjika, ndipo jina lile moja linapokuwa jambo zito. Mmoja husema, "Shamba ni langu, tazama hati." Mwingine husema, "Miche hii niliipanda mimi." Wakishindwa kupatana, shauri huenda mahakamani, na hukumu ikitoka, mara nyingi yuko asiyeridhika. Mazungumzo haya yanamhusu mtu huyo, awe mume au mke: sheria inampa njia gani, na kwa muda gani.

SHERIA ILIVYOKUWA ZAMANI

Desturi za Wakipsigis, kama za makabila mengi ya Kenya, hazikuacha mambo ya mali bila utaratibu. Mwenye wake wengi alikuwa na nyumba nyingi, na kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake na mashamba yake, ambayo yaliwafuata watoto wa kiume wa nyumba ile. Ndoa iliyokwisha kufungwa kwa taratibu zote ilikuwa shida sana kuivunja. Kwa sababu hiyo desturi haikusema mengi juu ya mke anayeondoka na mali yake. Isitoshe, ardhi haikuwa kitu cha kuuzwa kwa hati, wala zao la chai halikuwa la mkulima mdogo.

Mambo yalibadilika ardhi ilipoanza kupimwa na kuandikishwa kwa jina la mtu, na wakulima wadogo walipoanza kupanda chai. Mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima hao, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na mwaka 2000 ikageuka kuwa kampuni. Tangu hapo mti wa chai ukawa mali inayodumu kuliko maisha ya mtu, ikileta fedha kila mwezi. Wataalamu waliochunguza kilimo hicho katika Kericho, ambao maandishi yao yalitoka mwaka 1993, walionyesha jinsi kazi ya wake ilivyokuwa nguzo ya zao hilo, hali malipo yakienda kwa waume. Na jinsi baadhi ya wake walivyoacha kuchuma walipoona hawapati chochote.

Mahakama za Kenya kwa miaka mingi hazikuwa na sheria ya nchi juu ya jambo hili. Zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 juu ya mali ya wanawake walioolewa, na mwaka 1971 Jaji Trevelyan wa Mahakama Kuu alikata shauri kwamba sheria hiyo ina nguvu katika Kenya. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba mke anayetumia fedha zake kwa chakula, nguo na watoto anachangia kununua mali, ijapokuwa hakutoa fedha kwa muuzaji kwa mkono wake.

Lakini mwaka 2007 upepo uligeuka. Shauri lilihusu shamba la ekari 118 huko Tigoni. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke nusu. Mume akakata rufani, na majaji watano wa Mahakama ya Rufani wakapunguza fungu la mke likawa robo. Walisema kwamba kuolewa peke yake hakumpi mtu haki katika mali iliyoandikwa kwa jina la mwenzake, wala kazi za nyumbani hazimpi. Wake wengi wa mashambani walivunjika moyo kwa hukumu hiyo.

SHERIA ILIVYO SASA

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inasema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa, na wakati wa ndoa kuvunjwa. Mwaka 2013 Bunge likatunga Sheria ya Mali ya Ndoa, ambayo ilianza kufanya kazi mwezi wa Januari 2014. Yafaa kila mkulima ayajue mambo matano yaliyomo.

Kwanza, mali ya ndoa ni nyumba wanayokaa mume na mke, vyombo na samani za nyumba hiyo, na mali nyingine waliyoipata pamoja wakati wa ndoa.

Pili, mchango si fedha tu. Sheria inataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya jamaa, na kazi ya shamba. Kupalilia na kuchuma chai, basi, kumo katika sheria kwa maneno yake yenyewe.

Tatu, mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa anaishika kama amana kwa ajili ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa majina yote mawili yameandikwa, hudhaniwa kuwa mafungu yao ni sawa.

Nne, mali ambayo mtu aliipata au aliirithi kabla ya kuoa au kuolewa si mali ya ndoa. Wala ardhi inayoshikwa kama amana ya ukoo kwa desturi si mali ya ndoa. Lakini mwenzi aliyeiendeleza mali ya mwenziwe hupata haki katika mali hiyo kwa kadiri ya mchango wake.

Tano, katika ndoa ya wake wengi, mali ambayo mume na mke wa kwanza waliipata kabla ya kuolewa mke wa pili ni ya wawili hao tu, kwa mafungu sawa. Mke aliyekuja baadaye hana dai katika mali hiyo.

Waislamu wana ruhusa ya kufuata sheria ya dini yao katika mambo haya.

Wako wanaodhani kwamba Katiba imemgawia kila mtu nusu. Sivyo. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika shauri la mume na mke waliokuwa na nyumba yao na vyumba vya kupangisha huko Tassia, Nairobi. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba. Mke akakata rufani, na Mahakama ya Rufani ikampa nusu ya vyote. Mume naye akaenda Mahakama ya Juu, akashindwa. Mke alipata nusu kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba alifanya kazi, alikopa fedha na alibeba mizigo ya nyumba. Lakini majaji walisema wazi kwamba usawa wa Katiba maana yake ni kila mtu kupata fungu lake la haki, naye hana budi kuonyesha mchango wake. Nusu haiji yenyewe.

MFANO WA KUELEZA JAMBO HILI

Ili jambo lieleweke, chukulia mfano huu, ambao si habari ya mtu yeyote bali ni mfano tu. Mume alirithi ekari mbili kwa baba yake kabla ya kuoa. Baada ya kuoa, yeye na mkewe walipanda chai katika ekari hizo. Kwa fedha za chai wakanunua ekari tatu nyingine, na hati ikaandikwa kwa jina la mume. Wakajenga nyumba juu ya shamba la urithi, na vyumba vinne vya kupangisha karibu na soko. Baada ya miaka kumi na tisa ndoa ikavunjwa mahakamani. Hakimu akasema kwamba mke hakuwa na kazi ya mshahara, kwa hiyo apewe vyombo vya nyumba, ng'ombe mmoja, na sehemu ya kumi ya vyumba. Juu ya chai hakusema neno.

Je, mke huyo ana sababu ya rufani? Anayo, nayo si moja. Hakimu alihesabu mshahara tu, akaacha kazi ya shamba na ulezi wa watoto ambao sheria inautaja. Ekari tatu zilinunuliwa wakati wa ndoa. Ilipasa ifikiriwe kwamba mume anazishika kama amana, na ni juu ya mume kuthibitisha vingine. Nyumba waliyokaa ni nyumba ya ndoa, na hakimu hakueleza kwa nini aliiacha.

Ekari mbili za urithi ni jambo jingine. Hapo mume ana neno la kweli: ardhi ile ilikuwa yake kabla ya ndoa, na yamkini ni ya ukoo. Mke akidai nusu ya udongo ule, huenda akashindwa. Lakini miche haikurithiwa. Ilipandwa na watu wawili. Kuigeuza ardhi tupu kuwa shamba la chai ni kuiendeleza, na kwa kadiri ya kazi yake hapo mke ana haki ambayo mahakama inaweza kuipima na kuilipa, ijapokuwa ardhi yenyewe ibaki kwa mume. Wakili mwema atamshauri mteja wake adai hivyo, asidai kupita kiasi akapoteza na kile kilicho chake.

NAMNA YA KUKATA RUFANI

Hukumu ikiwa ya hakimu, rufani huenda Mahakama Kuu, ambayo ina kituo chake Kericho. Muda ni siku 30 tangu hukumu. Siku ambazo mahakama ya chini yenyewe inathibitisha kwamba zilihitajika kutayarisha nakala hazihesabiwi. Kwa hiyo nakala ziombwe mara moja, kwa barua, na nakala ya barua iwekwe. Hati ya rufani huandikwa kwa vifungu, kila kifungu kikitaja kosa moja: hapa hakimu aliikosea sheria, hapa aliuacha ushahidi fulani. Kusema tu "sikuridhika" hakutoshi.

Hukumu ikiwa ya Mahakama Kuu, njia ni ya Mahakama ya Rufani. Hapo taarifa ya rufani hutolewa ndani ya siku 14, na kumbukumbu kamili ya shauri hupelekwa ndani ya siku 60 baada ya taarifa hiyo. Anayetaka siku za kupigiwa chapa mwenendo wa shauri zisihesabiwe dhidi yake, na aombe nakala kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu hukumu, na ampelekee mpinzani wake nakala ya barua ile. Watu wengi hushindwa si kwa kukosa haki bali kwa kuikosa barua hiyo moja. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Na mahakamani aliyechelewa ni kama asiyekuwapo. Mahakama yaweza kumwongezea mtu muda, lakini itataka sababu ya kutosha.

Kutoka Mahakama ya Rufani kwenda Mahakama ya Juu si haki ya kila mtu. Ni kwa shauri linalohusu maana ya Katiba, au jambo lililothibitishwa kuwa la maana kwa watu wote.

RUFANI HAIZUII HUKUMU

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mtu akikata rufani, hukumu haisimami kwa sababu hiyo tu. Huku anangoja kusikilizwa, mwenzake aweza kutimiza hukumu, na shamba likauzwa kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo hana budi kuomba kwa hati nyingine kwamba utekelezaji usimamishwe. Mahakama itataka kujua mambo matatu: kwamba atapata hasara kubwa hukumu ikitimizwa, kwamba hakukawia kuomba, na kwamba yuko tayari kutoa dhamana. Pia mwenye dai katika ardhi aweza kuomba zuio liandikwe katika daftari ya ardhi, ili mnunuzi yeyote ajue kwamba kuna shauri.

Chai ina jambo lake la pekee. Shamba lisipochumwa, miche hupanda juu na majani hukomaa, na itabidi kukata upya na kungoja. Rufani yaweza kuchukua miaka. Kwa hiyo ni busara pande zote mbili ziombe amri juu ya nani atachuma wakati wa kungoja, na fedha ziwekwe wapi. Shamba lililogeuka msitu halimfai mshindi.

MAHAKAMA YA RUFANI HUTAZAMA NINI

Katika rufani ya kwanza majaji huusoma ushahidi wote upya na kuupima wenyewe. Lakini wao hawakuwaona mashahidi wakisema, basi humstahi hakimu aliyewaona. Mashahidi wapya hawaitwi ila kwa nadra. Kwa hiyo rufani hushinda au hushindwa kwa yale yaliyosemwa na yaliyotolewa siku ya kwanza. Mke ambaye hakuleta risiti hata moja kwa hakimu ataona taabu mbele ya jaji. Na shauri lililoanzia kwa hakimu likifika Mahakama ya Rufani kwa mara ya pili, majaji husikiliza mambo ya sheria tu.

Aidha, anayekata rufani ajue kwamba mpinzani wake naye aweza kukata rufani yake katika shauri lile lile. Aliyepewa robo akataka nusu, aweza kurudi na sehemu ya kumi. Shauri la Tigoni liwe funzo: nusu ilipanda mahakamani, robo ikashuka.

DAFTARI NI SHAHIDI

Ushahidi wenye nguvu si hotuba ndefu. Ni karatasi ndogo ndogo ambazo wengi huzitupa: vipande vya kupimia majani, orodha za malipo ya chai, risiti za miche na mbolea, risiti za karo, taarifa za benki na za chama cha akiba na mikopo, ujumbe wa fedha zilizotumwa kwa simu, mapatano ya kununua shamba pamoja na majina ya mashahidi. Ni jirani aliyeona nani alichimba mashimo ya miche, na fundi anayejua nani alimlipa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na neno hili ni kwa mume kama kwa mke, kwa maana mume aliyekopa peke yake naye atatakiwa aonyeshe.

Hata kabla ya ugomvi wowote, mume na mke wanaopendana wanaweza kuandikisha shamba kwa majina yote mawili. Wako watakaosema kwamba hiyo ni dalili ya kutoaminiana. Kinyume chake, anayemwamini mwenziwe ndiye asiyeogopa kuandika jina lake.

MASHAURI YA MWISHO

Kabla ya rufani, na hata katikati yake, mlango wa mapatano haufungwi. Katiba yenyewe inahimiza upatanishi na njia za desturi, mradi zisivunje haki za mtu wala zisipingane na Katiba. Wazee wa Kapsoit wanaijua mipaka ya mashamba na historia ya kila nyumba kuliko karatasi yoyote. Lakini mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi, na yapelekwe mahakamani yawe amri. Mapatano ya mdomo juu ya ardhi ni mbegu ya kesi nyingine.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya mwaka 2016 iliunda huduma ya taifa ya msaada wa sheria. Kituo cha Sheria na chama cha wanawake wanasheria, FIDA, ambacho kina ofisi Kisumu, huwasaidia watu wa namna hiyo. Pia mtu maskini aweza kuiomba mahakama imruhusu kukata rufani bila ada.

Mwisho, yakumbukwe haya. Hukumu ikisomwa, hesabu siku kuanzia siku ile. Omba nakala kwa maandishi. Omba hukumu isimamishwe kama kuna hatari. Dai kile ambacho ushahidi wako unaweza kukibeba, wala usidai zaidi. Na watoto, ambao hawakuchagua upande, wasifanywe mashahidi wala wajumbe. Maana mashamba yakiisha kugawanywa, wao ndio watakaopita katika mpaka ule kila siku, wakitoka kwa mama kwenda kwa baba.